Kuuawa kwa Jenerali Soleimani: mbona wanabishana bila kujibizana?

SWALI

"Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, sasa naishi Minnesota na nimeshakula kiapo cha uraia. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na kila habari za Iran zikivuma wenzangu huurudia ubishi wa Jenerali Qasem Soleimani, aliyeuawa na Marekani mwaka 2020. Mmoja ni Republican wa damu. Anasema aliyeuawa alikuwa gaidi, maneno yamekwisha, na anayepinga anawapenda maadui. Mwingine ni Democrat. Anasema yalikuwa mauaji haramu, Trump alitaka watu wasahau kesi yake bungeni, na Bunge lenyewe lilipitisha kwamba alivunja sheria. Ndugu yangu aliyeko Mombasa naye ananiambia kambi ya Manda Bay kule Lamu ilishambuliwa siku mbili baadaye kulipa kisasi. Mimi napiga kura sasa, nataka nielewe. Ilikuwa halali au haramu? Na kuna jingine linaninyima usingizi. Mwanangu mkubwa, ambaye maombi yake ya uraia bado yanashughulikiwa, wakati ule aliweka picha ya Soleimani kwenye Facebook na kuandika maneno ya huzuni. Je, litamdhuru?"

JIBU

Dada yangu, la mwanao nitalimalizia nalo kwa sababu lina hatua za kuchukua, na ningependa ukimaliza kusoma hapa uinuke ukazichukue. Nianze na ubishi wa kazini.

Wenzako wawili hawajibizani. Mmoja anaeleza aliyeuawa alikuwa mtu gani. Wa pili anaeleza aliyetoa amri ni mtu gani. Ulichouliza wewe ni kingine kabisa: nani alikuwa na mamlaka ya kuamua, na kwa masharti gani? Hilo halijibiwi kwa kumchukia Soleimani wala kwa kumchukia Trump. Ndiyo maana wanaweza kubishana miaka na miaka, kila mmoja akiwa na ukweli wake mkononi, na wewe uliyekaa katikati usipate jibu.

Tupange kwanza yaliyotokea. Tarehe 27 Desemba 2019 roketi ziliipiga kambi iliyo karibu na Kirkuk, Iraq, na mkandarasi mmoja wa Kimarekani akafa. Marekani ililaumu Kataib Hezbollah, kundi la Kiiraq linaloungwa mkono na Iran, na siku mbili baadaye ikashambulia vituo vyake Iraq na Syria, wakafa wapiganaji wapatao 25. Tarehe 31 wafuasi wa kundi hilo na washirika wake wakavamia geti la ubalozi wa Marekani mjini Baghdad na kuchoma sehemu ya mapokezi. Kisha usiku wa kuamkia Ijumaa, 3 Januari 2020, ndege isiyo na rubani ikayapiga kwa makombora magari mawili yaliyokuwa yakitoka uwanja wa ndege wa Baghdad. Walikufa watu kumi. Soleimani, kamanda wa Kikosi cha Quds, kitengo cha jeshi la Walinzi wa Mapinduzi wa Iran kinachofanya kazi nje ya nchi hiyo, ndiye ambaye dunia nzima ilimtaja. Mwingine alikuwa Abu Mahdi al-Muhandis, naibu mkuu wa Hashd al-Shaabi, muungano wa makundi ya wapiganaji wa Kiiraq. Jina hilo la pili lishike, maana wenzako hawajalitaja hata mara moja na lina uzito wake.

Mwenzako wa Republican hasemi uongo kuhusu mtu mwenyewe. Wizara ya Ulinzi ya Marekani inahesabu wanajeshi wake zaidi ya 600 waliouawa Iraq kati ya 2003 na 2011 na makundi yaliyopewa silaha na mafunzo na Iran, na Kikosi cha Quds ndicho kilichokuwa kiungo. Huko Syria, Soleimani alikuwa nguzo ya kumbakiza Rais Bashar al-Assad madarakani, na Wasyria waliopoteza jamaa zao hawahitaji mtu wa Washington kuwaeleza maana yake. Wairaqi vijana waliokuwa mitaani tangu Oktoba 2019 wakipinga ufisadi na mkono wa Iran nchini mwao walipigwa risasi, wengi wakafa, na baadhi yao walishangilia habari za kifo chake palepale uwanja wa Tahrir, Baghdad. Lakini mwaka 2014, kundi la Dola la Kiislamu (ISIS) lilipoikaribia Baghdad, Soleimani huyohuyo alikuwa mstari wa mbele na wapiganaji wa Kiiraq, na wapo Wairaqi wanaoamini kwamba miji yao ilipona kwa ajili yake. Mazishi yake yalikusanya umati mkubwa kiasi kwamba watu zaidi ya 50 walikanyagwa wakafa mjini Kerman. Kwa hiyo mwanao kuhuzunika, na Mwiraqi mwingine kushangilia, yote mawili yalikuwa mambo ya kweli kwa watu wa kweli.

Ila ubaya wa mtu hauwi kibali. Mwaka 1943 ndege za Marekani zilimvizia na kumuua angani Admirali Yamamoto wa Japani, na hakuna aliyeuliza kama rais alikuwa na ruhusa, kwa sababu Bunge lilikuwa limetangaza vita dhidi ya Japani tangu Desemba 1941. Mwaka 2020 Bunge halikuwa limetangaza vita dhidi ya Iran, wala kuruhusu. Hapo ndipo ugomvi wote unapoanzia.

Katiba ya Marekani imegawa kazi: Bunge, lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti, ndilo linalotangaza vita, rais ndiye amiri jeshi mkuu. Baada ya Vietnam, mwaka 1973, Bunge lilipitisha sheria ya mamlaka ya vita kwa kuipiku kura ya turufu ya Nixon. Inamtaka rais alitaarifu Bunge ndani ya saa 48 akiingiza majeshi kwenye mapigano, na ayaondoe ndani ya siku 60 kama hakupata idhini. Tangu hapo karibu kila rais, wa chama chochote, ameitazama sheria hiyo kwa jicho la pembeni. Trump alituma taarifa tarehe 4 Januari, ndani ya muda, lakini yote ilikuwa siri. Wewe na mimi hatukuweza kusoma hata mstari mmoja.

Serikali ilitoa misingi miwili ya kisheria. Wa kwanza ni mamlaka ya rais kama amiri jeshi, ya kuwalinda Wamarekani. Wa pili ni idhini ambayo Bunge lilitoa mwaka 2002 kwa ajili ya vita vya Iraq. Huu wa pili nakiri ni mgumu kuumeza. Idhini ile ilitolewa kwa sababu ya Saddam Hussein, mtawala wa Iraq, aliyekuwa adui mkubwa wa Iran na aliyepigana nayo miaka minane. Kuitumia kumuua jenerali wa Iran, miaka mingi baada ya Saddam kunyongwa, ni kuivuta sheria hadi inakaribia kukatika.

Msingi wa kwanza una nguvu zaidi, na wanasheria wa pande zote wanakubali kwamba rais hahitaji kusubiri Bunge likae wakati Wamarekani wanakaribia kushambuliwa. Basi kila kitu kikategemea jambo moja: lilikuwepo shambulio lililokaribia? Na hapa maelezo ya serikali yaliyumba hadharani. Kwanza viongozi walisema tishio lilikuwa karibu mno. Tarehe 10 Januari Trump alisema anaamini balozi nne zingeshambuliwa. Siku mbili baadaye Waziri wake wa Ulinzi, Mark Esper, akasema kwenye televisheni kwamba yeye hakuona ushahidi mahsusi kuhusu balozi nne. Tarehe 13 rais akaandika kwamba hata hivyo haijalishi, kutokana na maovu ya zamani ya Soleimani. Na maelezo ya kisheria yasiyo ya siri yalipotolewa kwa Bunge katikati ya Februari, hoja iliyobebwa zaidi ilikuwa mfululizo wa mashambulizi yaliyokwisha kutokea na haja ya kuitia Iran hofu isiyarudie. Lile tishio la karibu mno likawa limefifia.

Sasa lile la Bunge "kupitisha kwamba alivunja sheria". Mwambie mwenzako wa Democrat kwa upole kwamba sivyo. Tarehe 9 Januari Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio kwa kura 224 dhidi ya 194, lakini lilikuwa la aina isiyopelekwa kwa rais kutiwa saini, kwa hiyo nguvu yake kisheria ni ya kubishaniwa. Baadaye seneta Tim Kaine alipeleka azimio la aina nyingine, lenye nguvu ya sheria, la kuzuia mapigano dhidi ya Iran bila idhini ya Bunge. Seneti ililipitisha tarehe 13 Februari kwa 55 dhidi ya 45, na Baraza la Wawakilishi likalipitisha tarehe 11 Machi. Trump alilipiga kura ya turufu tarehe 6 Mei. Kesho yake Seneti ilijaribu kumpiku, ikapata 49 dhidi ya 44, pungufu sana ya theluthi mbili zinazotakiwa. Hakuna popote ambapo Bunge liliamua kwamba mauaji yale yalikuwa uhalifu.

Lakini zitazame kura zenyewe, maana zinamkosoa pia mwenzako wa Republican. Seneti wakati ule ilikuwa mikononi mwa chama chake. Maseneta wanane wa Republican walipiga kura na Wademokrati. Mmoja wao, Mike Lee wa Utah, alitoka kwenye kikao cha siri cha maelezo akiwa amekasirika, akasema huenda kilikuwa kibaya kuliko vyote alivyowahi kuhudhuria kuhusu masuala ya kijeshi. Hakukasirika kwa kumpenda Soleimani. Alikasirika kwa kuambiwa, yeye mbunge, kwamba hata kulijadili jambo hilo hadharani kungeipa Iran moyo. Kwenye Baraza la Wawakilishi, Wademokrati wanane walipiga kura upande wa pili, na Warepublican watatu wakaunga mkono azimio, akiwemo Matt Gaetz, mmoja wa watetezi wakubwa wa Trump. Anayekuambia anayepinga anawapenda maadui hana budi kuwajumuisha na hao.

Kuhusu madai ya kuficha kesi bungeni, naomba unisikilize kama mtu wa Afrika Mashariki, maana hili sisi tuliliona kwa karibu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam, wakafa watu 224, wengi mno wao wakiwa Wakenya. Tarehe 20 Agosti Rais Clinton akarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa cha Al-Shifa huko Khartoum. Siku tatu kabla, alikuwa ametoa ushahidi mbele ya baraza la mashitaka kuhusu uhusiano wake na Monica Lewinsky. Wakati huo walioinuka kusema rais anarusha makombora ili kufunika kashfa walikuwa Warepublican, na walioona aibu kuhoji wakati wa vita walikuwa Wademokrati. Ukafika 2020, Trump akiwa ameshitakiwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 18 na akingoja kesi ya Seneti, maneno yaleyale yakabadilisha vinywa. Na 2011, ndege za Marekani zilipokuwa zikiipiga Libya zaidi ya siku 60 bila idhini, ni serikali ya Obama iliyodai kwamba operesheni ile haikufikia kuwa mapigano yanayotajwa na sheria, na Baraza lililoongozwa na Warepublican ndilo lililomkemea, kura 268 dhidi ya 145.

Nia iliyo moyoni mwa rais siwezi kuithibitisha wala wewe huwezi. Mtu anaweza kuwa na kashfa na pia kuwa na sababu halali siku hiyohiyo. Hoja ya nia ni tamu kwenye ubishi kwa sababu haihitaji ushahidi, nami ningekushauri uiache pembeni.

Ndugu yako wa Mombasa naye anahitaji jibu. Ni kweli Manda Bay ilishambuliwa alfajiri ya 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu waliuawa, mwanajeshi mmoja na wakandarasi wawili. Lakini walioshambulia ni Al-Shabaab, tawi la Al-Qaeda, watu ambao kwa itikadi yao Shia wa Iran ni wapotofu. Wenyewe walilihusisha shambulio hilo na kampeni yao iliyobeba jina la Al-Quds, waliyokuwa wameitaja mwaka mmoja kabla walipoua watu kwenye hoteli ya DusitD2, Nairobi. Jina la kikosi cha Soleimani na jina la kampeni hiyo yote yanatokana na mji wa Jerusalem, lakini ni makundi mawili tofauti kabisa. Na kambi yenye ulinzi wa namna ile haivamiwi kwa matayarisho ya saa 48. Kukaribiana kwa tarehe ndiko kulikowafanya watu wengi Pwani waunganishe mambo haya, na hofu ya siku zile naielewa. Kisasi chenyewe cha Iran kilikuja tarehe 8 Januari, kwa makombora yaliyopiga kambi ya Ain al-Asad na nyingine Erbil, zote Iraq.

Turudi kwenye sheria, sasa ile ya kimataifa, ambayo kwenye ubishi wa vyama vya Marekani haipewi hata kiti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa unakataza nchi kutumia nguvu dhidi ya nchi nyingine. Ibara ya 51 inaacha mlango mmoja: kujilinda, shambulio la silaha linapotokea. Wanasheria wengi wanakubali kwamba unaweza kujilinda pia shambulio likiwa karibu mno, kipimo kilichotokana na kisa cha meli Caroline iliyochomwa na Waingereza karibu na maporomoko ya Niagara mwaka 1837: haja iwe ya hapohapo, pasiwe na njia nyingine, pasiwe na muda wa kutafakari. Marekani iliiandikia Umoja wa Mataifa ikidai ibara ya 51. Iran nayo, baada ya makombora yake, iliandika ikidai ibara hiyohiyo. Julai 2020 Agnès Callamard, mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu mauaji ya kiholela, alitoa ripoti iliyosema mauaji yale yalikiuka Mkataba kwa kuwa ushahidi wa tishio la karibu haukuonyeshwa. Marekani iliikataa ripoti hiyo.

Utetezi wa Marekani haukuwa wa kipuuzi, na nisingekutendea haki nikiuficha. Wanasheria wake walisema usiangalie roketi ya jana au ya kesho peke yake. Angalia mfululizo: meli za mafuta kushambuliwa, ndege ya Marekani isiyo na rubani kutunguliwa, roketi kwenye kambi, ubalozi kuvamiwa. Kwa hoja yao, anayeshambuliwa kila mwezi na mtu yuleyule halazimiki kusubiri pigo linalofuata ndipo asimame. Wapo wasomi makini wanaoikubali hoja hii. Udhaifu wake ni kwamba ukiifuata hadi mwisho, kila nchi yenye uadui wa muda mrefu na jirani yake inapata ruhusa ya kudumu ya kuua makamanda wa jirani huyo siku yoyote inayoipendeza.

Na kuna Iraq. Hapa ndipo nilipokuomba ushike jina la al-Muhandis. Majeshi ya Marekani yalikuwa Iraq kwa mwaliko wa serikali ya Iraq, kupigana na Dola la Kiislamu. Hashd al-Shaabi, kwa sheria iliyopitishwa Baghdad mwaka 2016, ni sehemu ya vyombo vya ulinzi vya dola. Mgeni aliyekaribishwa alimuua kiongozi wa chombo cha mwenyeji wake, pamoja na mgeni mwingine wa mwenyeji huyo, kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa mwenyeji, bila kumwomba ruhusa. Ni kweli kwamba al-Muhandis hakuwa mtumishi wa kawaida. Alikuwa mwasisi wa Kataib Hezbollah, kundi lilelile lililolaumiwa kwa roketi, na serikali ya Iraq haikuwa na ubavu wa kumzuia. Tarehe 5 Januari bunge la Iraq lilipiga kura kuitaka serikali iyaondoe majeshi ya kigeni. Wabunge wa Kikurdi na wengi wa Kisunni hawakuhudhuria, na uamuzi haukuwa na nguvu ya kuilazimisha serikali. Hata ukiyapima yote hayo, mamlaka ya Iraq juu ya ardhi yake yalivunjwa. Sisi tunaotoka kwenye nchi zinazokaribisha kambi za wakubwa tuna sababu ya kulitazama hili kwa makini kuliko wenzako wa Minnesota.

Utauliza, basi mahakama ilisemaje? Haijasema, na haielekei kusema. Baraza la Usalama haliwezi kuilaani Marekani kwa sababu ina turufu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki inahitaji ridhaa ya nchi zote mbili, na Marekani iliondoa ridhaa yake ya jumla miaka ya 1980 kufuatia kesi ya Nicaragua. Mahakama za Marekani zenyewe hukwepa. Wenye kiwanda cha Al-Shifa, kilekile cha 1998, waliishitaki serikali ya Marekani kwamba kililipuliwa bila kosa. Mwaka 2010 mahakama ya rufaa ya Washington ilisema uamuzi wa rais wa kushambulia ni suala la kisiasa lisilofaa kuamuliwa na majaji. Kwa hiyo anayekuambia "ilikuwa haramu, basi" au "ilikuwa halali, basi" anasema kana kwamba kuna hukumu, na hukumu haipo.

Umeniuliza mimi, nami nitajibu kama mtu anayefundisha sheria hii. Kwa ushahidi uliotolewa hadharani, sioni kwamba kipimo cha tishio la karibu kilifikiwa, na naona haki ya Iraq ilivunjwa. Kwa sheria ya ndani ya Marekani, msimamo wangu ni laini kidogo: marais wengi wamefanya mfano wa haya na Bunge likawaachia, mpaka desturi imekuwa kama sheria. Ningeweza kubadilisha mawazo kama ile taarifa ya siri ya 4 Januari ingefunguliwa na ikaonyesha mpango mahsusi wa shambulio.

Busara ya kitendo ni mlango mwingine. Elissa Slotkin, aliyewahi kuwa mchambuzi wa shirika la ujasusi CIA huko Iraq kabla ya kuwa mbunge, alieleza kwamba marais wa vyama vyote viwili walikuwa wamelifikiria jambo hili na kuliacha, kwa kuona kisasi kingekuwa kikubwa kuliko faida. Waliounga mkono wanasema vita kubwa iliyotabiriwa haikuja wakati ule, na kwamba mrithi wake, Esmail Qaani, hakuwa na mtandao wa watu aliokuwa nao Soleimani. Hiyo ni kweli. Wapinzani wanajibu kwamba mashambulizi hayakukoma: tarehe 11 Machi 2020, siku ileile Baraza la Wawakilishi lilipokuwa likipitisha azimio, roketi ziliua Wamarekani wawili na Mwingereza mmoja katika kambi ya Taji. Hilo nalo ni kweli. Na kuna watu 176 waliokuwa ndani ya ndege ya abiria ya Ukraine, iliyotunguliwa kimakosa na Iran karibu na Tehran tarehe 8 Januari, saa chache baada ya makombora yake, Iran ikiwa bado inangoja Marekani ijibu. Hakuna chama chochote Marekani kinachopenda kuwaingiza kwenye hesabu zake. Mimi siwezi kuwaacha nje.

Wewe kama mpiga kura, kila jambo la aina hii likizuka, weka jina la rais wa chama kingine kwenye habari ileile uisome tena. Litazuka, usiwe na shaka: Juni 2025, Marekani ilipoyapiga mabomu maeneo ya nyuklia ya Iran, Kaine alileta azimio lake tena, na safari hii Seneti ililikataa kwa 53 dhidi ya 47, Republican mmoja tu akiliunga mkono. Mwandikie seneta wako umuulize alipiga kura gani 2020 na gani 2025, na kama alibadilika, kwa nini. Ofisi zao hujibu barua za wapiga kura. Kazini, muulize kila mwenzako swali hilohilo kabla hajakueleza mabaya ya mwenzie.

Sasa mwanao. Soleimani alikuwa kiongozi wa Walinzi wa Mapinduzi, na Marekani iliwaweka Walinzi hao kwenye orodha ya makundi ya kigaidi Aprili 2019, yaani kabla ya picha ile. Katiba inalinda kauli ya mtu anayesema kwa hiari yake bila kutumwa na kundi lolote, na kuomboleza si kufadhili. Lakini sheria ya uhamiaji ina vifungu vyake: kumo kinachoweza kumnyima mgeni haki kwa kuidhinisha au kuhimiza ugaidi, na maofisa wana uhuru mkubwa wa kuamua nani ana mwenendo unaofaa uraia. Maneno ya huzuni peke yake kwa kawaida ni mbali na hapo. Maneno ya kusifu mashambulizi ni jambo jingine. Sijayaona aliyoyaandika, kwa hiyo sitakuahidi chochote, wala sitakutisha.

Anachohitaji ni mwanasheria wa uhamiaji, ana kwa ana, kabla ya usaili. Awe wakili mwenye leseni, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, ambao mashirika mengi ya kusaidia wahamiaji wanao kwa gharama nafuu. Asiende kwa yule jamaa wa mtaani anayewajazia watu fomu, hata kama ni mtu wetu na anaongea lugha yetu vizuri. Asifute ile picha kabla ya kumuuliza wakili, maana kufuta ghafla kunaweza kuonekana kuficha. Aihifadhi nakala yake ikionyesha tarehe, maneno yote na maoni yaliyofuata, aipeleke pamoja na nakala ya fomu aliyoituma. Akiulizwa na ofisa wa usaili, asidanganye hata kwa jambo dogo: wapo watu waliopoteza uraia kwa uongo uliosemwa chini ya kiapo kuhusu mambo ambayo yangesamehewa. Kama ofisa wa usalama atapiga simu au kubisha hodi, ajibu kwa adabu, achukue jina na namba, aseme atarudi akiwa na wakili wake. Na kama familia ina mpango wa kusafiri nje, iwe Mombasa au ziara ya Karbala huko Iraq, wakili ajue kabla tiketi hazijakatwa, kwa sababu mpakani simu hupekuliwa, na siku zile za Januari 2020 watu wenye asili ya Iran, wakiwemo raia kamili wa Marekani, walizuiwa kwa saa nyingi kwenye mpaka wa Kanada huko Blaine, jimbo la Washington.